Kundi la tembo yatima kando ya Tsavo: tuwaogope, tuwahamishe au tuwaache?

"Ninaishi upande wa Voi, karibu na mpaka wa Mbuga ya Tsavo Mashariki. Tangu mvua za vuli zikatike, tunaona tembo saba wakija jioni kunywa maji kwenye silanga letu. Wote ni wadogo. Aliye mkubwa kuliko wenzake hajafikia kimo cha jike mzima, na hatujaona mama hata mmoja. Watu wanasema ni wale yatima waliolelewa kwa chupa na kuachiliwa mbugani. Mzee mmoja tunayemheshimu sana anasema yatima hukua bila adabu, na kwamba huko Afrika Kusini waliwahi kuua vifaru ovyo. Wengine wanataka tuandike barua ili wahamishwe, na wengine wanasema wakiletewa jike mzee watatulia. Mimi nauliza: tembo wasiozaliwa pamoja wanaweza kuwa jamaa kweli? Na tukimkuta ndama peke yake, kama yule aliyeonekana korongoni mwezi uliopita, ni vibaya kumpa maziwa ya ng'ombe huku tukisubiri msaada?"

Ndugu msomaji,

Nianze na ulilouliza mwisho, kwa kuwa ndilo lisiloweza kusubiri. Msimpe ndama wa tembo maziwa ya ng'ombe. Tumbo lake haliyawezi mafuta yaliyomo kwenye maziwa hayo. Huanza kuhara, na ndama anayehara hukaukiwa na maji mwilini upesi kuliko msaada unavyoweza kumfikia. Marehemu Daphne Sheldrick, aliyelea tembo yatima Tsavo na baadaye Nairobi, alihangaika miaka mingi kabla ya kubaini kwamba mafuta ya nazi yanaweza kushika nafasi ya mafuta ya maziwa ya mama, na ilikuwa mwaka 1974 ndipo ndama mchanga aitwaye Aisha alipoishi miezi kadhaa kwa maziwa yaliyotengenezwa hivyo. Huenda mmesikia pia kwamba kituo cha Reteti, kule Samburu, hutumia maziwa ya mbuzi yanayonunuliwa kwa akina mama wa huko. Ni kweli, lakini maziwa hayo huchanganywa na virutubisho kwa vipimo na kila ndama huangaliwa na watu waliofunzwa kazi hiyo, kwa hiyo habari hiyo isichukuliwe kuwa ruhusa ya kukamua mbuzi na kukimbilia korongoni.

Mkimwona ndama peke yake, toeni taarifa mara moja kwa kituo kilicho karibu cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, yaani KWS, kisha mkae mbali, mfunge mbwa, na mzuie watu wasijazane. Si kila ndama aliye peke yake ni yatima. Mama yake anaweza kuwa kichakani, amesikia sauti za watu na anangoja waondoke, na umati unaomzunguka mtoto ili kumpiga picha ndio unaomzuia asirudi. Ndama aliyeachwa kweli huonekana amekonda mashavu, masikio yake yameungua kwa jua kwa kukosa kivuli cha tumbo la mama, na mara nyingine huanza kufuata ng'ombe au hata watu. Huyo, ikiwa hajatimiza miaka miwili, hawezi kuishi bila maziwa, na kila saa ina uzito wake. Akiwa ametumbukia kisimani, msimfunge kamba shingoni, wala msimmiminie maji mdomoni kwa nguvu.

Sasa tuwarudie wale saba. Kabla ya kukubali kwamba ni yatima, watazameni tena kwa darubini kutoka mbali, kwa sababu kundi la tembo vijana wasio na jike mkubwa lina maelezo zaidi ya moja. Madume huanza kuachana na familia za mama zao wakiwa na umri wa miaka 12 hadi 15 hivi, na wengi wao huandamana na wenzao wa rika moja. Angalieni paji la uso likiwa limeelekea ubavuni: la jike lina kona kali, na la dume limeviringa na ni pana zaidi, huku pembe zake zikiwa nene pale zinapotokea mdomoni. Ikiwa wote saba ni madume, basi mnachokiona ni jambo la kawaida kabisa katika maisha ya tembo. Ikiwa wamechanganyika majike na madume, na miongoni mwao wamo wadogo wa miaka minne au mitano, dhana ya uyatima inapata nguvu. Hata hivyo kuna uyatima wa namna mbili: kuna waliolelewa na binadamu, na kuna waliofiwa na mama zao porini wakaokoka wenyewe. Ukame wa mwaka 2022 uliwaua tembo wengi Kenya. Serikali ilitangaza vifo 205 kati ya Februari na Oktoba mwaka huo, na Tsavo ni miongoni mwa maeneo yaliyoumia. Walioachwa na vifo hivyo hawakupita kwenye chupa ya mtu yeyote.

Namna ya kujua ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Pigeni picha za masikio yao, upande wa kulia na wa kushoto, kwa sababu mipasuko, matundu na mishipa ya sikio la tembo ni alama zinazomtofautisha na mwenzake maisha yake yote. Zipelekeni kwa KWS, waziwasilishe kwa walezi wa kitengo cha Voi cha Sheldrick Wildlife Trust, shirika linalolea tembo yatima. Walezi hao wanawajua yatima wao kwa sura na kwa majina, wakiwemo walioondoka miaka mingi iliyopita.

Tuseme basi kwamba ni yatima. Je, wanaweza kuwa jamaa? Jibu langu ni ndiyo, na lina ushahidi wa kutosha papo hapo Tsavo. Utaratibu wa malezi ni kwamba ndama hupelekwa kwanza Nairobi, ambako hupewa maziwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, na mlezi hulala naye. Akifikisha miaka miwili au mitatu hivi huhamishiwa katika moja ya vitengo vya kuwarudisha porini, yaani Voi, Ithumba au Umani Springs katika msitu wa Kibwezi. Huko hushinda porini na walezi na kurudi zizini jioni, hadi siku anapoamua mwenyewe kulala nje. Hakuna anayemfukuza wala anayempangia tarehe, na kwa wengi safari hiyo huchukua miaka. Kitengo cha Ithumba, kaskazini mwa Tsavo Mashariki, kilipoanza mwaka 2004, kilianza na majike vijana wachache, miongoni mwao Yatta, ambao hawakuwa ndugu wa damu. Waliwapokea wadogo waliowafuata, wakawaongoza, na wao wenyewe wakazaa na madume wa porini: Mulika alimzaa Mwende mwaka 2011, na Yatta akamzaa Yetu mwaka uliofuata. Upande wenu wa Voi, Emily alikuwa amekwisha kumzaa Eve mwaka 2008. Jike anapozaa katika kundi kama hilo, wenzake humzunguka mtoto, humnyanyua anapoanguka na hugombea kumlea, sawasawa na wafanyavyo shangazi na dada katika familia ya damu.

Sababu yake iko katika umbile la tembo. Jike hubeba mimba kwa miezi 22 na kwa kawaida hupata mtoto mmoja tu kila baada ya miaka minne au mitano, kwa hiyo kila ndama ni mali kubwa ambayo mama peke yake hawezi kuilinda. Majike wachanga, tangu wakiwa na umri wa miaka mitano hivi, wana hamu kubwa ya kulea wadogo. Ni mazoezi ya umama, na hamu hiyo haiulizi kwanza kama mtoto ni wa damu. Ukiwaweka pamoja yatima wa umri tofauti, hamu hiyo hupata kazi mara moja. Utafiti uliofanywa Samburu kwa tembo waliofiwa porini umeonyesha pia kwamba yatima wenye wenzao wa rika katika kundi huwa na kiwango kidogo cha homoni za mfadhaiko kuliko wasio nao. Kwa hiyo wanaposhikamana wao kwa wao wanajitibu, na anayewaona hivyo akadhani wamepotea hajawaelewa.

Lakini mapenzi ni jambo moja, na maarifa ni jambo jingine. Hapa ndipo ninapomuunga mkono mzee wenu kwa kiasi fulani. Kundi la tembo huongozwa na jike mzee kwa sababu ya anachokikumbuka. Watafiti wa Amboseli walipowapigia tembo sauti za tembo wengine kwa vipaza sauti, familia zilizoongozwa na majike wazee zilitofautisha vizuri zaidi sauti za wanaowajua na za wageni, na hazikupoteza nguvu kwa hofu isiyo na msingi. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Tarangire, Tanzania, katika ukame mkali wa mwaka 1993. Makundi mawili yalitoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho; la tatu lilibaki. Ndama 16 kati ya 81 walikufa katika miezi tisa, na wengi wao walikuwa wa kundi lililobaki. Kundi hilo lilikuwa limepoteza majike wake wazee kwa ujangili wa miaka ya 1970 na 1980, na halikuwa na aliyeishi wakati wa ukame mkubwa wa mwisho wa miaka ya 1950 kiasi cha kujua kwamba kuna njia ya kutokea. Huko Mikumi nako, ambako ujangili uliwahi kuchana familia vipande vipande, majike waliobaki bila jike mzee na bila ndugu wa karibu walikutwa na homoni nyingi za mfadhaiko na uzazi hafifu, hata miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza.

Haya yananifanya nisiwe na haraka ya kusherehekea kila ninapoona picha nzuri ya yatima wakikumbatiana mikonga. Vijana saba wanaopendana wanaweza kufia katika kiangazi kimoja kibaya kwa kutojua mto gani huacha maji chini ya mchanga. Elimu hiyo haitolewi na walezi, hata wakiwa hodari namna gani. Hutoka kwa tembo wengine, kwa kukutana nao visimani, kuwafuata kwa siku chache, kuachana nao na kuwafuata tena. Ndiyo maana yatima walioachiliwa huonekana wakihamahama kati ya kundi lao na makundi ya porini kwa miaka mingi, na wanaotazama kwa mbali hudhani kundi limevunjika. Samburu imeonekana pia kwamba mabinti wa majike waliouawa wanaweza kukua na kushika nafasi za mama zao katika mahusiano ya makundi, jambo linalotia moyo. Papo hapo, mabinti waliolazimika kujiunga na familia zisizo zao walikuwa wakisukumwa na kupigwa pembe zaidi kuliko wenyeji. Yatima hupokelewa, ila hapokelewi kama mwenye nyumba.

Habari ya Afrika Kusini ni ya kweli, na mzee ameikumbuka vizuri. Katika hifadhi ya Pilanesberg, kati ya mwaka 1992 na 1997, madume vijana waliwaua vifaru weupe zaidi ya 40. Walikuwa wameletwa wakiwa wadogo kutoka mbuga ya Kruger, baada ya familia zao kuuawa katika operesheni za kupunguza idadi ya tembo. Tofauti yao na yatima wenu ni kubwa. Hao hawakulelewa na mtu wala na tembo yeyote aliyewazidi umri. Walimwagwa mahali penye uzio pasipokuwa na dume mzima hata mmoja. Dume wa tembo, akikomaa, huingia mara kwa mara katika kipindi kiitwacho masti, ambapo homoni za uzazi hupanda sana, tezi za pembeni mwa kichwa hutiririsha majimaji, mkojo hudondoka bila kukoma, na hasira huwa karibu. Kwa kawaida hali hiyo huanza anapokaribia miaka 30, tena kwa muda mfupi, kwa kuwa kijana anayejitokeza mbele ya dume mkubwa hutishwa na masti yake huzimika kama moto uliomwagiwa maji. Pilanesberg hapakuwa na wa kuwazima, kwa hiyo vijana wasiofika miaka 20 walikaa katika hali hiyo miezi mizima. Mwaka 1998 waliletwa madume wakubwa sita kutoka Kruger, na mauaji ya vifaru yakakoma.

Kwa hiyo kilichowaharibu vijana wale ni kukosa wazee, na Tsavo haijakosa wazee. Mbuga yenu haijafungwa pande zote, ina maelfu ya tembo, na bado ina madume wakubwa wenye pembe ndefu ambao vijana huwafuata na kuwaogopa. Hofu ya kuona Pilanesberg nyingine hapo Voi haina msingi.

Iko hofu nyingine yenye msingi, ambayo hamkuitaja. Tembo aliyelelewa na watu hamwogopi mtu kama tembo wa porini anavyomwogopa. Anaweza kusogelea bomba la maji, ghala la mahindi au mtoto anayechunga mbuzi, bila ubaya wowote moyoni, na bado tani mbili au tatu za udadisi zinaweza kumuua mtu. Msiwape chakula kamwe, hata ganda la ndizi. Msiwaite, msiwaguse, na msiruhusu wageni walipishwe fedha ili wawasogelee. Silanga lenu lipangiwe saa: watu na mifugo wachote na kunywa mapema, na kufikia jioni pawe pamekwisha kuwa wazi. Mashamba yalindwe kwa njia zilizokwisha kujaribiwa kwa majirani zenu wa Sagalla, ambako mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya huzungushwa shamba. Tembo akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka, na tembo wanawaogopa nyuki kweli. Haizuii kila tembo kila usiku, na mizinga isiyo na nyuki haisaidii kitu, lakini pamoja na ulinzi wa watu hupunguza hasara, na asali huuzwa.

Kuhusu barua ya kuomba wahamishwe, ningewasihi msiiandike kwa sasa. Kuhamisha tembo ni kazi ghali inayohitaji dawa za usingizi, magari mazito na madaktari, na baadhi ya wanyama hufa. Hata wakifika salama, si hakika kwamba watakaa. Mwaka 2005 KWS ilihamisha tembo 150 kutoka eneo la Shimba Hills hadi Tsavo Mashariki, na baadhi yao hawakubaki walikowekwa. Zaidi ya hayo, kwa vijana ambao ndio kwanza wameanza kujifunza njia za maji za eneo lenu, kuhamishwa ni kufanywa yatima mara ya pili. Ningebadili shauri hili endapo mmoja wao ataanza kuvunja nyumba au kuwaendea watu makusudi. Hapo uamuzi ni wa KWS, na huenda ukamhusu huyo mmoja tu badala ya kundi zima.

Wazo la kuleta jike mzee ni la huruma, lakini halitekelezeki. Jike mzee aliye hai yuko na mabinti na wajukuu wake, na kumtoa huko ni kuwaachia wao pengo lilelile mnalotaka kuliziba kwenu. Vilevile tembo wazima hawaunganishwi kwa kuwekwa zizi moja. Wataungana wakikutana mara nyingi mahali pasipo na fujo, na hapa mna mchango mkubwa kuliko mnavyofikiri: msifunge njia ambayo familia za porini hupitia kuja majini, msilime katika ushoroba huo, na msiwashe moto wala kupiga makelele pale makundi mawili yanapokutana. Mkiona wale saba wakisimama kwa pamoja na kuwaweka wadogo katikati wanaposikia hatari, wakipiga ngurumo na kugusana midomo kwa mikonga baada ya kutengana, na wakimngoja aliyechelewa kabla ya kuondoka, hizo ni dalili kwamba wamekuwa familia. Mkiwaona siku moja nyuma ya kundi kubwa lenye jike mwenye mashavu yaliyobonyea kwa uzee, msidhani wamepotea tena.

Zipo hali ambazo maelezo ya maandishi kama haya hayatoshi, na askari wa wanyamapori au daktari wao lazima afike. Toeni taarifa mara moja mkiona mtego wa waya mguuni au mkongani, jeraha linalonuka, tembo anayechechemea au aliyebaki nyuma ya wenzake siku nzima, dume mwenye majimaji yanayotiririka kichwani na mkojo unaodondoka karibu na makazi, au tembo yeyote anayewafuata watu badala ya kuwakwepa. Mtu akijeruhiwa au mazao yakiharibiwa, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inampa aliyepata hasara haki ya kuomba fidia kupitia kamati ya kaunti. Malipo huchelewa, mara nyingine kwa muda mrefu unaoudhi, na madai yasiyo na ushahidi huanguka. Kwa hiyo pigeni picha za hasara siku hiyohiyo, kabla ya kusafisha shamba, na mhakikishe afisa ameandika taarifa yenu na ninyi mmebaki na nakala.